Swali la Randa kwa Mgombea Mwenza

Mtaani walimwita Randa kwa sababu ya useremala wake, na pia kwa sababu ya tabia yake: hakuacha kitu kikwaruze. Ukimpelekea mlango unaogusa sakafu kidogo tu, ataung'oa bawabani, aupige randa, aurudishe, aung'oe tena, mpaka ufunguke kwa kidole kimoja. Alizaliwa kiziwi. Dada yake, aliyemzidi miaka mitano, alikuwa mkalimani wa lugha ya alama katika ofisi ya manispaa, na ndiye aliyekuwa masikio na mdomo wake tangu utotoni, Randa alipoanza kumfundisha alama wakati wa likizo za shule.

Kazi ya mkalimani ina kanuni moja kubwa: kilichosemwa kisemwe, hupunguzi wala huongezi. Mkalimani aliijua kanuni hiyo vizuri, na kwa watu wengine wote aliifuata. Lakini kwa mdogo wake alikuwa na ugonjwa wa zamani. Alilainisha. Daktari akitoa neno zito, Randa alipelekewa lililochovywa asali. Randa akimtolea mteja maneno makali, mteja alipata salamu. Mwaka Randa alipokwenda kuposa, baba wa msichana alisema hawezi kumpa binti yake mtu asiyesikia hata radi, na Mkalimani akageuza kwa mikono: mzee anaomba muda. Randa akangoja miezi saba. Alikuwa ameshachonga kitanda. Alipoupata ukweli, aliupata kwa msichana mwenyewe, ambaye tayari alikuwa na pete ya mtu mwingine kidoleni. Mwezi mzima hakumsemesha dada yake, na alipomrudia alimwambia jambo moja tu: uchungu wangu ni wangu, usinimezee.

Dada mtu akaapa. Na kiapo, kama mjuavyo, ni chepesi mdomoni kuliko begani.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi, mgombea urais wa chama kimoja alikuwa amemteua mama mmoja kuwa mgombea mwenza, yaani yeye ndiye angekuwa makamu wa rais kama wakishinda. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kubembeleza. Picha yake ilibandikwa kwenye kila nguzo. Kipeperushi chake kilisema kwamba aliongoza shule ya viziwi kwa miaka sita, na kwamba akiingia madarakani atafunga shule zote za bweni za viziwi, ili kila mtoto asome shule ya karibu na kwao, akiwa na kifaa cha kusikilizia, jioni arudi kulala kwa mama yake.

Mama yao alikipenda kipeperushi hicho mpaka akakitia ndani ya Biblia. Alikuwa na sababu. Randa alipokuwa na miaka tisa, yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha basi na sanduku la bati, akampeleka bweni kwenye shule ile ile iliyotajwa kwenye kipeperushi, safari ya siku nzima, akamwacha getini. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania mkanda wa mkoba wa mama hadi mkanda ukakatika. Mama hakuwahi kununua mkoba mwingine wa mkanda. Alipowasikia wanawake wakisema hakuna mama mwenye moyo wa kumtupa mwanawe, alihesabu kuwa anasemwa yeye. Sasa amekuja mwanamke mwenzake kusema jambo lile halitampata mzazi mwingine. Angempigia kura mara kumi kama sheria ingeruhusu.

Jumapili moja walikutana kwa mama kula chakula cha mchana, na Randa akatoa kipeperushi chake. Kilikuwa kimepigwa mistari kwa penseli nene ya useremala. Akaanza kusema kwa mikono, na Mkalimani akawa anamgeuzia mama, kwa kuwa mama alijua alama nne tu za nyumbani: kula, lala, njoo na acha.

Randa alisema kwanza, alikaa shule ile miaka minane, na mwanamke huyu hakumwona akiongoza hata foleni ya uji. Pili, kifaa cha kusikilizia kinamfaa anayesikia kidogo. Yeye hasikii kabisa, na kumvika kifaa ni sawa na kumvika kipofu miwani. Tatu, hilo la kufunga shule ndilo baya kuliko yote. Mama akakunja uso, akamwambia Mkalimani amwambie kwamba mambo haya si ya kuchukulia moyoni, makamu ni makamu tu, ni pambo la mezani. Randa alipoupata ujumbe akacheka kwa pumzi. Akajibu kwamba hata tairi la akiba hupigwa kofi kabla ya safari, maana siku likihitajika hapatakuwa na muda wa kuuliza kama lina upepo.

"Kwa nini anaichukia hivi?" mama akamuuliza Mkalimani. "Yeye ndiye angefaidika. Angekua nyumbani."

Mkalimani alilijua jibu. Randa alikuwa amemweleza zaidi ya mara moja miaka miwili ile aliyosoma shule ya mtaani kabla ya kupelekwa bweni. Lakini mama hakuwahi kuambiwa ila kwa kifupi, kwamba mtoto hakuipenda. Akasema tu kwamba Randa ana msimamo wake. Kisha akakusanya sahani.

Siku iliyofuata, mkuu wa idara akamwita ofisini. Mgombea mwenza angekuja Jumamosi kuzungumza na watu wenye ulemavu katika ukumbi wa manispaa, na Mkalimani ndiye angegeuza. Mkuu wa idara alikuwa mtu wa tai fupi na maneno mafupi. Akamkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha mwezi ujao, kisha, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, akasema maswali yote yameshaandikwa na kupitiwa, kwa hiyo hatarajii mshangao. Mkalimani akaitikia. Alikuwa na watoto wawili na mume aliyekuwa akifanya kazi mbali. Alirudi mezani kwake akihesabu siku za kufika Jumamosi, kwa maana alimjua mdogo wake.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Viti vya plastiki vilipangwa kwa safu, wenye magongo na wa viti vya magurudumu karibu na mlango, viziwi upande wa kushoto palipokuwa na mwanga wa madirisha. Mkalimani alisimama juu ya kijukwaa cha mbao mbele yao, amevaa blauzi nyeusi ili mikono ionekane. Randa alikaa safu ya pili, karibu na fundi cherehani mmoja aliyekuwa na sikio moja linalosikia nusu. Mama naye alikuja. Alikaa nyuma kabisa, amevaa nguo yake nzuri, kuja kumwona mgombea wake kwa macho.

Mgombea mwenza alizungumza vizuri, lazima tuseme haki. Hakufoka. Alisema anawajua watoto viziwi kwa sababu aliwalea miaka sita akiwa kiongozi wa shule yao, na kwamba kilichomliza kila muhula ni kuwaona akina mama wakigeuka getini. Sasa anataka kulifunga geti lile. Ukumbi ukapiga makofi. Mama, kule nyuma, alikuwa akijifuta macho.

Maswali yaliyoandikwa yakasomwa, yakajibiwa. Mkuu wa idara alikuwa ameshasimama kutoa shukrani Randa aliponyoosha mkono. Mkuu wa idara akajifanya hakuuona. Randa akasimama kabisa, na kwa kuwa ni mrefu kama mlingoti, ikawa vigumu kutomwona.

"Mwacheni ndugu yangu aulize," mgombea mwenza akasema. "Nimewafuata nyinyi."

Randa akauliza. Mikono yake ilikwenda polepole, kila alama imekamilika. Mkalimani aliifuata, akaona inakokwenda, na jasho likamtoka chini ya blauzi. Akamwona mkuu wa idara anavyomtazama. Akafungua kinywa, na ugonjwa ule wa zamani ukamshika.

"Anasema anashukuru kwa hotuba," alisema kwenye kipaza sauti. "Angependa kusikia zaidi kuhusu uzoefu wako shuleni."

Mgombea mwenza akatabasamu, akaanza kueleza jinsi alivyoipenda kazi ile.

Sasa, Randa hakusikia neno, lakini alikuwa na macho. Mtu aliyeambiwa kwamba ametia chumvi katika sifa zake hatabasamu namna ile. Na kabla hajageuka kumtazama dada yake, fundi cherehani mwenye sikio moja alishamgusa goti, akamwambia kwa mikono: sivyo alivyosema. Habari ikapita safu ya pili hadi ya kwanza, hadi ya nyuma, na ndani ya nusu dakika viziwi wote thelathini walikuwa wakimtazama Mkalimani. Hawakumtazama kwa hasira, ila kama watu waliogundua kwamba dirisha walilokuwa wakichungulia ni picha iliyochorwa.

Randa hakusema kwa mikono zaidi ya alama mbili. "Dada. Yote."

Baadaye Mkalimani alipowaeleza wenzake, alisema kilichomtoka wakati ule hakikuwa ushujaa. Alichoka tu. Alichoka kama mtu aliyebeba ndoo mbili miaka thelathini akijua zina matundu. Mgombea mwenza alipotua kupumua, akainua kipaza sauti.

"Naomba radhi, Mheshimiwa. Swali sikulifikisha kama lilivyoulizwa. Kosa ni langu, si la aliyeuliza. Nalirudia lote, na nitakapotamka neno 'mimi', ni yeye anayesema."

Mkuu wa idara akapiga hatua moja. Mgombea mwenza akamzuia kwa kiganja.

Mkalimani akamgeukia Randa, na Randa akaanza upya, na safari hii sauti ikaenda sambamba na mikono, neno kwa neno.

"Mimi ni seremala. Nilisoma shule ile kuanzia nikiwa na miaka tisa hadi kumi na saba. Miaka sita unayosema uliongoza, mimi nilikuwa hapo. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamume mwenye kigugumizi cha mikono, tulimcheka na tulimpenda. Wewe nilikuona siku moja, ulikuja na wageni, ukapigwa picha na sisi, ukaondoka. Sikuiti mwongo. Nasema kazi hiyo hukuifanya. Na mtu anayetaka kukaa hatua moja kutoka kwenye kiti cha rais, nataka kujua alichokifanya kweli."

Randa akaendelea.

"Kabla ya hapo nilisoma shule ya karibu na nyumbani. Ndivyo unavyotaka kwa watoto wote. Nilikaa dirishani miaka miwili. Hakuna aliyejua alama hata moja. Nilinakili ubaoni kila herufi, mwandiko wangu ulikuwa wa kwanza darasani, na sikujua neno hata moja lina maana gani. Sikujua kwamba nina jina. Mwalimu alidhani ni kiburi, akawa ananichapa nisimame, na mimi sikujua kinachotakiwa ni kusimama. Siku mama aliponipeleka bweni nililia mpaka nikatapika. Jioni ile ile msichana mmoja akaja, akaonyesha sahani, akafanya alama, akaonyesha kijiko, akafanya alama. Nikaelewa kwamba vitu vina majina. Nilikuwa na miaka tisa. Kabla ya usiku nilikuwa na majina arobaini. Usilifunge geti lile. Mimi nilizaliwa pale."

Mkalimani aliyasema hayo yote bila sauti kumkatika, na yeye mwenyewe hakujua nguvu imetoka wapi.

Mgombea mwenza alikunywa maji. Wasaidizi wake wakaanza kunong'onezana. Angeweza kucheka jambo likaisha, angeweza kusema muda umekwisha. Hakufanya hivyo.

"Nilikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ile," alisema mwishowe. "Miezi minane. Nilikwenda mara mbili. Kipeperushi kiliandikwa na watu wangu, nikakisoma, nikaliona kosa, nikaliacha, na leo nikalirudia, kwa sababu lilinipendezesha. Hilo ni langu." Akamtazama Randa moja kwa moja, si Mkalimani, kama inavyotakiwa na kama wachache wanavyofanya. "Kuhusu dirishani, sikujua. Nilidhani kubaki nyumbani kunatosha. Sitakuahidi kitu leo, maana ahadi ya papo kwa papo ndiyo iliyonifikisha hapa. Lakini sitalisema tena jambo hilo mpaka nimekaa na walimu wa shule ile."

Mkutano ukaisha namna mikutano inavyoisha, kwa viti kukwaruza na watu kutafuta mifuko yao. Mkuu wa idara alipita karibu na Mkalimani, akamwambia Jumatatu saa mbili ofisini, akaenda zake.

Mkalimani alibaki juu ya kijukwaa. Alikuwa akimtafuta mama kwa macho, na sasa hofu yake haikuwa tena ya mkataba. Mama alikuwa ameyasikia yote hadharani, ya dirishani na ya kuchapwa, yaliyofichwa na binti yake mwenyewe miaka ishirini na kitu. Alimwona anakuja kati ya viti, polepole, ameshikilia mkoba wake usio na mkanda.

Mama alifika akamshika mkono.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Niliogopa utaumia kwamba alichapwa na hukujua."

"Nimeumia," mama akasema. "Lakini umeniumiza zaidi kwa kuninyima lile lingine. Mimi nilidhani nilimtupa. Miaka yote nimekuwa nikiomba msamaha kwa Mungu kwa siku ile. Kumbe ndiyo siku niliyompeleka kuzaliwa."

Randa alikuwa amesimama kando akiwatazama midomo. Mkalimani akainua mikono na kumgeuzia maneno ya mama yote, hata yale yaliyomhusu yeye vibaya. Randa akainama, kwa urefu wake ule, akamkumbatia mama, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, akalia kwenye shati lenye vumbi la mbao mpaka akaanza kupiga chafya. Chafya ndiyo iliyowachekesha. Walicheka wote watatu kama wendawazimu huku wafagiaji wakiwaomba wapishe.

Jumatatu saa mbili Mkalimani aliingia ofisini akiwa ameshafunga vitu vyake kwenye mfuko. Mkuu wa idara alimwambia akae. Akasema alikosa usingizi siku mbili. Akasema ofisi ya mgombea mwenza imepiga simu asubuhi ile kuomba orodha ya walimu wa shule ya viziwi, na viziwi saba wameshafika mapokezi kuuliza kama yule mkalimani anayesema yote atakuwepo siku ya kupiga kura. Akavuta mkataba, akautia sahihi, akausukuma upande wa pili wa meza.

"Lakini ile ya kwanza," alisema, "ya kusema anashukuru kwa hotuba. Usiirudie. Ni hiyo ndiyo ingetutia aibu."

Mkalimani alitoka nje na mfuko wake mkononi, akakaa kwenye ngazi za ofisi, akapumua. Alikuwa hajui kwamba kifua chake kina nafasi kubwa namna hiyo.

Wiki ile ile vipeperushi vipya vilitoka, mstari wa miaka sita haumo. Shule za bweni hazikutajwa kabisa. Wengine walimcheka mgombea mwenza, wengine walimsifu. Siku ya kupiga kura mama, Mkalimani na Randa walisimama foleni moja, na Randa alipotoka mama akataka kujua kama amempa yule mgombea mwenza kura yake baada ya ungwana ule.

Mkalimani akageuza swali, kisha jibu.

"Hapana. Alikubali kosa, na hiyo ni adabu njema, nimemheshimu. Lakini hajui kazi bado. Akijifunza, miaka mitano ijayo nitampiga tena kofi la tairi la akiba, nione kama ana upepo."

Mama akasema yeye amempa. Hawakugombana. Chama kile kilishindwa kwa kura chache, na mama akasikitika siku mbili tu, kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine: alikuwa amejiandikisha darasa la lugha ya alama, Jumamosi asubuhi, yeye akiwa mkubwa kuliko mwalimu kwa miaka thelathini. Alijifunza vibaya na kwa bidii. Wiki ya pili alitaka kumwambia Randa kwamba shati lake ni safi, akamwambia kwamba yeye ni sabuni. Randa aliitikia kwa heshima zote kwamba ndiyo, mama, mimi ni sabuni.

Na Jumapili walipokaa mezani, wale wawili wakazama katika maongezi yao ya kukosea na kusahihishana, mama akiuliza jina la kijiko, la kikombe, la mvuke, Randa akimwonyesha na kumrekebisha vidole. Mkalimani alingoja wamwite awageuzie. Hakuna aliyemwita. Akavuta sahani yake karibu, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akala chakula chake kikiwa bado cha moto.